Mafuta Ndani ya Ganda: Sifa na Lishe ya Mbegu za Msonobari

Punje ya mbegu ya msonobari iliyokwisha kumenywa ni ndogo kuliko nusu ya korosho. Ni nyeupe inayoelekea manjano, imechongoka upande mmoja, na ikibanwa kati ya kidole gumba na cha shahada hulainika na kuacha utelezi kwenye ngozi. Utelezi huo ndio habari yenyewe. Katika kila gramu 100 za mbegu hizi zilizokaushwa, gramu 68 ni mafuta. Karanga, ambazo kila mpishi wa Afrika Mashariki anajua kuwa zina mafuta mengi, zina gramu 49. Korosho zina 44.

Karibu kila linalosemwa kuhusu mbegu hizi chanzo chake ni mafuta hayo: ladha yake, thamani yake mwilini, wepesi wake wa kuharibika, hata bei yake inayowashangaza wanunuzi. Kwa hiyo anayetaka kuzielewa na aanze na mti wenyewe, aulize unayahitaji mafuta yote hayo kwa kazi gani.

Mti unaowategemea ndege

Duniani kuna aina zaidi ya 100 za misonobari, na zote hutoa mbegu. Zenye mbegu kubwa kiasi cha kumfaa mlaji ni chache, kama 20 hivi. Wakazi wa Mufindi, mkoani Iringa, wanaishi jirani na Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini Tanzania, na sehemu kubwa ya shamba hilo ni misonobari ya aina ya Pinus patula, ambayo wengi huiita misindano. Asili yake ni milima ya Mexico. Mbegu yake ina urefu wa milimita 5 hivi, na imeshikamana na ubawa mwembamba unaoizidi urefu mara kadhaa. Koni, yaani lile tunda gumu lenye magamba, ikifunguka, upepo huichukua mbegu na kuipeperusha. Mbegu ya kusafiri kwa upepo haina budi kuwa nyepesi, na kwa wepesi huo haiwezi kubeba akiba kubwa ya chakula. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi chini ya misindano maisha yake yote na asipate cha kutafuna.

Misonobari inayoliwa ilishika njia nyingine. Katika misitu ya Siberia, mbegu za Pinus sibirica hazina ubawa kabisa, na koni zake hazifunguki zenyewe. Anayezifungua ni ndege wa jamii ya kunguru mwenye mdomo mrefu na imara. Huzidonoa mbegu kutoka kwenye magamba, akazijaza katika mfuko ulio chini ya ulimi wake, akaruka nazo hadi kilomita kadhaa, kisha akazifukia ardhini chache chache kwa ajili ya miezi ya theluji. Ndugu yake wa magharibi mwa Marekani, anayejulikana kama Clark's nutcracker, hufukia makumi ya maelfu ya mbegu katika msimu mmoja. Ndege hawa hukumbuka mahali pengi walipofukia. Zile wasizozirudia huota.

Hapo ndipo mafuta yanapofanya kazi mbili. Kwanza ni ujira wa mbebaji, kwani hakuna ndege atakayebeba mzigo usio na faida. Pili ni chakula cha mche, ambao hauna budi kusukuma udongo, kushika mizizi na kutoa majani yake ya kwanza mahali penye kivuli na baridi kabla haujaweza kujilisha kwa mwanga wa jua.

Namna akiba hiyo inavyotengenezwa ni ajabu nyingine. Katika punje ya hindi, ile sehemu nyeupe ya unga hujengwa baada ya ua kurutubishwa. Msonobari hauna ua, na chakula chake hutangulia: tishu nyeupe inayoliwa huanza kujengwa kabla ya urutubishaji, na kila seli yake ina seti moja tu ya kromosomu badala ya mbili. Punje ikipasuliwa kwa urefu kwa ncha ya kisu, katikati yake huonekana kijiti cheupe chembamba kama uzi mnene, chenye vijani vidogo vilivyojikunja kwenye ncha moja. Huo ndio mche. Kila kilichobaki kuuzunguka ni shehena yake.

Wanaoigombea shehena hiyo ni wengi. Katika Mashariki ya Mbali ya Urusi, nguruwe mwitu hunenepa kwa mbegu za msonobari wa Korea, Pinus koraiensis, zilizodondoka chini, na simbamarara wa Amur huwawinda nguruwe hao. Msonobari ukikatwa kwa ajili ya mbao, njaa hupanda ngazi hadi kwa simbamarara. Mwaka 2010 Urusi iliuingiza mti huo katika Kiambatisho cha Tatu cha mkataba wa CITES ili biashara ya mbao zake ifuatiliwe.

Jinsi ya kuzitambua

Mbegu zinazouzwa kwa jina moja hutoka kwenye miti tofauti, na jicho lililozoea huzitenganisha upesi.

Za Mediterania hutoka kwa Pinus pinea, mti wenye kilele kilichotanda kama mwavuli, unaoota kuanzia Ureno hadi Lebanon. Zikiwa na ganda zina urefu wa sentimita moja na nusu hadi mbili, na ganda lake ni nene na gumu, la kupasuliwa kwa jiwe au mashine. Juu yake kuna vumbi jeusi kama masizi linalowachafua vidole wanaozimenya. Kiini chake ni chembamba na kirefu, cheupe kote, na unene wake haubadiliki sana kutoka ncha hadi ncha.

Za msonobari wa Korea, ambazo hutoka Korea, kaskazini mashariki mwa China na Urusi, ni fupi na pana, zenye umbo la pembe tatu, na mara nyingi ncha yake ni ya kahawia. Nyingi katika pakiti za madukani ni hizi. Za Siberia zinafanana nazo ila ni ndogo zaidi.

Katika milima ya Afghanistan, Pakistan na kaskazini mwa India kuna chilgoza, mbegu za Pinus gerardiana. Ni ndefu na nyembamba, zenye ganda jepesi la kahawia, na huuzwa zikiwa ndani ya ganda hilo ili mlaji azimenye mwenyewe kwa vidole baada ya kuchomwa. Marekani ina zake, za misonobari mifupi ya majimbo makavu ya kusini magharibi na Nevada, ambazo zimewalisha Wapaiute, Washoshone, Wanavajo na Wahopi kwa karne nyingi.

Kilo 100 za koni, kilo 4 za kiini

Koni ya Pinus pinea huchukua miaka mitatu kukomaa. Kwa hiyo katika mti mmoja huwa kuna koni za marika matatu kwa wakati mmoja: changa zisizozidi ncha ya kidole, za kijani za mwaka wa pili, na za kahawia zilizo tayari. Anayevuna vibaya na kuvunja matawi huharibu mavuno ya miaka miwili ijayo pamoja na ya mwaka huu.

Nchini Hispania siku hizi trekta hulishika shina la mti kwa mkono wa chuma na kulitikisa kwa sekunde chache, koni zikaporomoka. Panapokuwa na mteremko mkali, mtu hupanda na ufito mrefu wenye ndoano. Koni huanikwa juani hadi magamba yafunguke, mbegu zikung'utwe, maganda yapasuliwe, viini vichambuliwe. Mwisho wa kazi yote hiyo, kilo 100 za koni huacha kilo 4 hivi za kiini cheupe. Mti wenyewe, ukiwa haujaunganishwa kwa kikonyo, mara nyingi hungoja miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa vya kutosha. Mnunuzi anayeshtushwa na bei analipia miaka hiyo.

Wapaiute wa eneo la Nevada walikuwa na utaratibu wao. Koni za kijani zilivutwa kwa ufito mrefu wenye ndoano, zikachomwa ndani ya shimo la makaa hadi zikafunguka. Mbegu ziliwekwa kwenye ungo mpana pamoja na makaa ya moto na kurushwarushwa bila kusimama, ziive na ungo usiungue. Baadaye zilisagwa, na unga wake ukapikwa uji uliokuwa chakula kikuu cha miezi ya baridi. Mavuno makubwa ya misonobari hiyo hayaji kila mwaka. Hupita miaka mitatu hadi saba kati ya msimu mmoja mnono na mwingine, na familia zilihamia mahali ambapo miti ilikuwa imezaa.

Katika Afghanistan mbegu hizi ni fedha za kigeni. Novemba 2018 ndege zilianza kuzisafirisha moja kwa moja hadi China, na baada ya serikali kubadilika mwaka 2021, shehena ya kwanza kuruka tena, mwishoni mwa Oktoba, ilikuwa tani 45 za chilgoza kwenda Shanghai. Kwa familia za mikoa ya milimani kama Khost na Paktia, msimu huo mmoja hubeba sehemu kubwa ya mapato ya mwaka.

Kinachoingia mwilini

Kiganja kimoja kidogo, gramu 28 hivi, kina kalori 190, protini gramu 4, wanga chini ya gramu 4, na mafuta gramu 19. Hicho ni chakula kizito. Anayekula pakiti nzima ya gramu 100 mbele ya televisheni ameingiza kalori 673, ambazo ni zaidi ya mlo kamili wa wengi.

Mafuta yenyewe ni ya aina gani? Katika gramu 68, gramu 5 tu ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayohusishwa na kupanda kwa kolesteroli. Gramu 19 zina hali kama ya mafuta ya zeituni, na gramu 34, yaani nusu nzima, ni za kundi la mafuta yasiyoshiba kwa wingi, hasa asidi ya linoleiki. Mafuta ya nazi yako upande wa pili kabisa: zaidi ya asilimia 80 yameshiba, ndiyo maana huganda kwenye chupa asubuhi yenye baridi. Mafuta ya msonobari hubaki maji.

Asidi ya linoleiki ni ya familia ya omega-6. Omega-3 katika mbegu hizi ni kidogo mno, kwa hiyo wanaoziuza kwa jina la omega-3 wanawapotosha wateja. Misonobari ina kitu ambacho mimea mingine ya chakula haina, nacho ni asidi ya pinoleniki. Katika mbegu za Korea hufika asilimia 14 hivi ya mafuta yote, katika za Siberia huzidi hapo, lakini katika za Mediterania haifiki hata asilimia 1. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapa wanawake 18 wenye uzito uliozidi mafuta ya msonobari wa Korea, ukaona homoni zinazouambia ubongo kwamba tumbo limeshiba zimepanda na hamu ya kula imepungua kwa saa chache. Wanawake 18 na saa chache ni ushahidi mwembamba, na haumpi mtu yeyote haki ya kuziita mbegu hizi dawa ya kupunguza mwili.

Kwenye madini, sifa yake ya kweli ni manganizi, ambayo mwili huitumia kujenga mifupa na kuendesha vimeng'enya vingi. Gramu 28 zina miligramu 2.5 hivi, kiasi kinachomtosha mtu mzima kwa siku. Kiasi hichohicho kina miligramu 70 za magnesiamu, karibu sehemu moja ya sita ya mahitaji ya siku ya mwanamume, pamoja na fosforasi, shaba na zinki. Vitamini E ipo ya kutosha, miligramu 9 kwa gramu 100, na kuwepo kwake kuna sababu: ndiyo inayoyakinga mafuta yasiharibiwe na hewa, kazi inayoifanya ndani ya mbegu kabla ya kuifanya ndani ya mlaji.

Vinavyokosekana navyo vitajwe. Kalsiamu ni miligramu 16 tu kwa gramu 100. Vitamini C ni ya kuhesabika, na B12 haipo, kama ilivyo kwa mimea yote.

Protini inahitaji maelezo yake, kwa kuwa takwimu zinazosambaa hugongana. Jedwali linalotaja gramu 14 kwa 100 linazungumzia mbegu za kawaida za sokoni, ambazo nyingi ni za Asia. Za Pinus pinea zina mafuta machache zaidi na protini inayofikia gramu 30 au kupita, kiwango kinachozidi cha karanga. Mwenye pakiti iliyoandikwa nchi ya asili na aina ya mti anajua anachokula. Pakiti isiyotaja lolote kati ya hayo haimwambii mlaji protini anayoilipia.

Kuchacha, uchungu na mzio

Nusu ya mafuta haya, ile iliyo bora kwa moyo, ndiyo inayovamiwa upesi na hewa, joto na mwanga. Ikiwa ndani ya ganda, mbegu hukaa miezi mingi bila taabu. Ikishamenywa, saa imeanza kuhesabu. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini huchacha ndani ya wiki chache: harufu yake hugeuka kuwa ya rangi ya mafuta, na ladha huwasha koo. Chombo kisichopitisha hewa ndani ya friji huongeza miezi michache, na kwenye friza hufika karibu mwaka. Mnunuzi makini huomba kunusa kwanza, na hukwepa zilizogeuka manjano au zenye doa la mafuta ndani ya mfuko.

Tatizo jingine ni geni zaidi. Mwaka 2001 madaktari nchini Ubelgiji waliandika kuhusu watu waliopata ladha chungu ya chuma mdomoni baada ya kula mbegu za msonobari. Tangu hapo visa vimeripotiwa katika nchi nyingi. Uchungu hauji mezani. Huanza saa 12 hadi 48 baadaye, huzidi kila mtu anapokula chochote, na huweza kudumu hadi wiki mbili kabla ya kuisha bila kuacha madhara. Uchunguzi uliielekeza lawama hasa kwa mbegu za Pinus armandii wa China, ambazo zilikuwa zikichanganywa na nyingine. Ni fupi na hazina mng'ao. Anayepatwa na hali hiyo atulie, mdomo wake utarudi.

Mzio ni jambo la kuogopwa zaidi. Ni wachache wanaopata mzio wa mbegu hizi, lakini unaweza kubana pumzi na kuhatarisha maisha, na mwenye mzio wa karanga au korosho asizionje kabla ya kumwona daktari.

Kutoka Tunis hadi Seoul

Tunisia inapingana na yote yaliyosemwa juu ya ukubwa. Msonobari wa huko, Pinus halepensis, una mbegu ndogo nyeusi zenye ubawa, ambazo hakuna awezaye kuzimenya moja moja. Watunisia husaga mbegu pamoja na ganda lake, huchanganya unga na maji, huchuja hadi kapi lote litoke, kisha hupika kwa unga wa ngano au wanga na sukari, wakikoroga mpaka uzito wa uji wa kusimama upatikane. Chakula hicho cheusi, kinachoitwa assidat zgougou, humwagiwa tabaka la krimu nyeupe na kupambwa kwa lozi na pistachio, na hupelekwa majumbani kwa jirani siku ya Maulidi. Kwa wengi Maulidi hayakamiliki bila chakula hicho, na hata familia yenye kipato kidogo hutenga fedha ya kukinunua.

Lebanon huziweka ndani ya kibbeh na juu ya wali. Katika nchi za Ghuba, sinia la wali na nyama hunyunyiziwa zabibu, lozi na mbegu za msonobari zilizogeuzwa rangi ndani ya samli. Wakorea huzisaga na mchele na kupika uji mweupe laini, hasa kwa wagonjwa na wazee. Waitalia wa Genova huzitwanga na majani ya mrihani, kitunguu saumu, jibini na mafuta ya zeituni kupata pesto. Katika kila jiko, anayezikaanga husimama karibu. Kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu hadi tano za kugeuza bila kuacha. Mafuta yaliyomo ndani huzipikisha yenyewe, na sekunde 30 za kuzubaa huzifanya nyeusi na chungu.

Mavuno yanayopungua

Mwaka 1999 mdudu mfyonzaji kutoka Amerika Kaskazini, Leptoglossus occidentalis, alionekana kwa mara ya kwanza Ulaya, kaskazini mwa Italia. Huchoma koni kwa mrija wake na kunyonya kiini ndani ya mbegu changa. Kwa nje koni inaonekana nzima. Wakivunja ganda, wavunaji hukuta patupu. Ameenea Hispania, Ureno, Uturuki na Lebanon, na maeneo yaliyosifika kwa mbegu hizi, kama uwanda wa Kozak karibu na Bergama nchini Uturuki, yamepoteza sehemu kubwa ya mavuno. Mei 2022 moto uliteketeza misitu ya chilgoza katika milima ya Sulaiman nchini Pakistan, miti iliyochukua vizazi kukua.

Bei imepanda, na viwanda vimepata mbadala. Pesto nyingi za chupa zinazouzwa Ulaya sasa zina korosho katika orodha ya viambato. Kwa mlaji wa Mtwara au Kilifi, hesabu inaeleweka kwa urahisi. Korosho humpa protini gramu 18 kwa 100, magnesiamu na chuma zaidi kidogo, na zinki karibu sawa. Kinachopungua ni vitamini E, ambayo katika korosho haifiki miligramu 1, na manganizi, inayoshuka hadi chini ya robo. Ladha nayo ni tofauti: korosho ni tamu na ya unga, msonobari una harufu ya utomvu kwa mbali na hulainika mdomoni kama siagi. Mpishi wa pwani anayetaka kupamba biriani anaweza kutumia korosho zake kwa amani, na anayeletewa mfuko wa mbegu za msonobari kutoka Muscat au Dubai auweke kwenye friza siku hiyohiyo, atoe kijiko kimoja kimoja kadiri ya haja.